Ukiinuka, Laza Kigoda

Siku subira yangu ilipokatika sikupiga kelele. Nilimwambia Leticia, "Simama." Akasimama. Nikakichukua kiti, nikakigeuza miguu juu, nikakiweka kichwani juu ya ngata ya khanga, mtoto mgongoni, nikatoka. Mwalimu akanifuata mpaka barazani na miwani yake ya kusomea puani.

"Domitila! Rudisha mali ya ofisi! Domitila!"

Watu wa sokoni wakageuka. Mama mmoja anayeuza maharage akaniuliza, "We Mama Skola, unahama?"

"Nastaafu," nikamjibu, nikapita.

Ndiyo maana naandika. Wazee wakistaafu huandika kumbukumbu zao, wakianza na siku ya kwanza kazini na kumaliza na saa ya ukutani waliyozawadiwa. Mimi nina miaka ishirini na sita na saa sikupewa. Lakini kazi niliyoifanya, ya kukata stensili, inakufa mbele ya macho yangu. Ninyi mabinti mnaotoka kidato cha nne leo mkiniuliza ilikuwaje, mnauliza kama watu wanaouliza habari za vita vya mababu. Basi kwa kazi hiyo mimi ni mzee. Kaeni niwaeleze, na mkikaa, angalieni mmekaa kwenye kiti cha nani.

Nilianza katika chama cha ushirika, kile kilichonunua mahindi ya wakulima wa Ufipa yote, kuanzia huku mjini mpaka Chala. Siku ya kwanza nilifika nimepaka rangi kucha, maana niliambiwa ofisini watu hupendeza. Karani Mkuu alikuwa mzee mwembamba ambaye hakuvua koti lake la sufu tangu Mei mpaka Agosti, na sisi wa Ufipa tunaijua baridi ya miezi hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha. Akafungua droo, akanipa mkasi.

"Kata hizo kucha. Sikuhubirii. Stensili haisamehe kucha."

Stensili, kwa msioijua, ni karatasi ndefu laini iliyopakwa nta na kushikizwa juu ya karatasi ngumu. Unaipachika kwenye mashine ya taipu, unausogeza pembeni utepe wa wino, ili herufi za chuma zigonge nta zikiwa kavu. Kila herufi inakata tundu lenye umbo lake. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mpini, wino unapenya kwenye matundu, na nakala zinatoka moja moja zikiwa na harufu ambayo haitoki kwenye nguo hata ukifua mara tatu. Ukikwaruza nta kwa ukucha, mkwaruzo ule utatokea kwenye nakala zote. Ukigonga kwa nguvu, tumbo la herufi o linadondoka, na msomaji anapata doa jeusi. Ukigonga kwa unyonge, herufi haitokei kabisa.

"Kiswahili ni lugha ya a," Karani Mkuu aliniambia wiki ile ya kwanza. "Na a inagongwa na kidole kidogo cha kushoto, kidole kivivu kuliko vyote. Usipokifundisha kazi hicho, hujui taipu. Unacheza."

Nilikifundisha. Nilikuwa nakigonga mezani nikila, nakigonga kwenye benchi kanisani mpaka Bibi yangu ananifinya.

Na palikuwa na dawa ya kusahihishia. Ni kichupa kidogo chenye brashi ndani, dawa ya rangi ya waridi inayonuka kama rangi ya kucha. Ukikosea neno, unainua nta kidogo isigandane na karatasi ya nyuma, unapaka dawa nyembamba juu ya matundu, unahesabu mpaka sitini ikauke, kisha unagonga neno jipya hapo hapo, taratibu. Ukipaka vizuri, hakuna atakayejua ulikosea. Ukipaka nene, dawa inafanya uvimbe, na kwenye nakala neno lile linatoka na kivuli. Kumbukeni kivuli hicho.

Miaka ile kila kitu kikawa ruksa. Wafanyabiashara wakaja na malori yao na mizani yao, wakanunua mahindi mlangoni kwa mkulima, na wakulima hawakuwa wajinga, wakauza. Maghala yetu yakabaki na panya. Siku moja Karani Mkuu akaniletea mswada wa tangazo la wafanyakazi wanaopunguzwa. Nikapachika stensili, nikaanza kukata, jina baada ya jina. Nikafika kwenye D, nikaona jina langu. Nikasimamisha mikono.

"Endelea," akasema nyuma yangu. "Hata hilo lichape vizuri. Na langu lipo kwenye D hiyo hiyo, maana mimi ni Deogratias, hukulijua?"

Sikulijua. Nilikuwa nimemwita Karani Mkuu kwa miaka yote ile.

Siku ya mwisho alinipa kiti changu. Kilikuwa kiti cha mpiga taipu, cha mninga, kikalio chake kinapanda na kushuka kwa skrubu ili viwiko vikae sawa na mashine. Akaniandikia na cheti chenye mhuri: "Kiti hiki amepewa Domitila Paskali, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekikalia." Nilicheka niliposoma. Hakucheka.

Nyumbani Milanzi Bibi yangu Skolastika alikizunguka kile kiti kama anayekagua ng'ombe. Yeye ndiye aliyenilea. Alikisukuma kwa kidole, kikazunguka.

"Kinaweza kulala?" akauliza.

"Bibi, hiki ni kiti cha ofisi."

"Nimeuliza kinaweza kulala."

Kwetu, katika nyumba ya Bibi, mwanamke akiinuka kwenye kigoda hukilaza ubavu. Hata kama anakwenda kugeuza ugali tu na kurudi. Mgeni akikuta kigoda kimelala anajua kina mwenyewe. Nilikua nikifanya hivyo bila kuuliza, na nilipofika sekondari nikaacha, maana wenzangu bwenini walinicheka wakaniita Mama Kigoda.

Kituo changu cha pili na cha mwisho kilikuwa duka la steshenari jirani na soko. Mwenye duka alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mji mzima ulimwita Mwalimu. Nisimwonee. Alinichukua nikiwa sina kazi, akaniambia nije na kiti changu kwa sababu yeye alikuwa na mashine lakini cha kukalia alikuwa na kreti la soda. Tulichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, ratiba za misa na matangazo ya misiba. Jioni alifundisha tuisheni ya fasihi kwenye chumba cha nyuma, na mimi nilikata stensili za notisi zake. Kwa hiyo fasihi niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa vidole.

"Mandhari ni mahali na wakati," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Mgogoro ni nani anamkataza nani. Mkinipa mandhari bila mgogoro mmenipa kalenda. Mkinipa mgogoro bila mandhari mmenipa watu wanaogombana gizani."

Na yeye mwenyewe alikuwa anaandika riwaya. Ilikuwa riwaya ya safari na maajabu, ya aina ambayo kijana hutumwa mbali kutafuta kitu kilichopotea na njiani wanyama wanasema. Aliiita Mwana wa Kigoda. Siku moja akaweka kalamu chini akasema, "Domitila, nina mgogoro, sina mandhari. Nchi yangu haina baridi. Haina harufu."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Bibi yangu anaijua."

Hilo ni la kwanza ninalojutia, ingawa lilikuwa jambo zuri siku ile.

Bibi alikuja kwa miguu kutoka Milanzi alasiri tatu mfululizo, amebeba unga wa ulezi wa kumpa Mwalimu, kwa sababu hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alikaa kwenye kreti la soda akasimulia. Alimpa upepo wa uwandani unaolaza nyasi upande mmoja mpaka zinasahau kusimama. Alimpa ukungu wa asubuhi na vilima visivyo na miti. Alimpa Lyamba, pale ardhi inapokatika ghafla na ukichungulia unaliona Ziwa Rukwa chini, jeupe kama bati jipya, na joto linakupanda usoni kama mvuke wa chungu. Akasema watu wa juu waliwaogopa wa chini kwa homa na mamba wao, na wa chini waliwaogopa wa juu kwa baridi na dawa zao. Mwalimu aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akachukua nyingine.

Alasiri ya tatu akampa hadithi ya kigoda. Hadithi hiyo kila mzee wa Milanzi anayo, kila mmoja kwa namna yake. Mfalme wa kwanza alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe kigoda cha enzi, akamkataza asimruhusu mtu kukikalia. Wakaja wanawake wageni, warefu, wamechoka kwa safari. Mke wa mfalme akawapa maji. Mtoto akalia ndani.

"Akainuka," Bibi akasema. "Aliporudi na mtoto kifuani, mmoja amekaa. Na aliyekwisha kaa haondoki. Ndipo sisi tukajifunza kulaza vigoda."

"Kwa hiyo alikigawa," Mwalimu akasema huku akiandika.

"Aliinuka."

"Ndiyo, bibi, lakini kwa lugha ya kitabu..."

"Mimi kitabu sikijui, Mwalimu. Wewe una watoto?"

"Sita."

"Walipolia wakiwa wadogo, aliinuka nani?"

Mwalimu akacheka sana. Nami nikacheka. Bibi alikuwa hachezi.

Miezi ikapita, mswada ukafika mezani kwangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Baba wa mtoto alikuwa Kirando akinunua dagaa, anakuja na kuondoka. Nilikata stensili ya ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na sita kwa furaha, sifichi. Upepo wa Bibi ulikuwemo. Lyamba ilikuwemo. Kijana shujaa alikuwa anashuka ukingo ule akiwa na mkuki unaosema, anakwenda kuvuka ziwa la mamba akapambane na joka na kurudisha kigoda kilichopotea. Nikafika ukurasa wa kumi na saba, ambapo anaelezwa kwa nini kilipotea:

Mtoto akalia, wageni wakakitazama kigoda, na Malkia akakigawa.

Kisha ukurasa mzima wa shujaa akiilaani tamaa ya mama yake. Nikausoma mara tatu. Nikainuka, nikaenda chumba cha nyuma.

"Mwalimu, hapa si hivyo. Bibi alisema akainuka."

Akavua miwani. "Riwaya inataka mkosaji, Domitila. Msomaji ataniuliza, nani alikosa?"

"Waliokaa."

"Waliokaa!" Akapiga goti lake. "Waliokaa ndio wanaozaa wafalme sura ya tisa. Wajukuu wao wapo, wananunua madaftari hapa dukani. Niwaite mababu zao wezi? Wataniweka wapi?"

"Na huyu mama?"

"Huyu mama hana wa kumsemea," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya bahasha.

Nikarudi kwenye kiti. Nikagonga akakigawa. Kisha nikalitazama. Hesabu ya mpiga taipu haina huruma lakini ni hesabu ya kweli. Akakigawa ni herufi tisa. Akainuka ni herufi nane. Zote mbili zinaanza na aka, kwa hiyo huko mwanzo huna haja ya kugusa. Unafuta sita, unagonga tano, inabaki nafasi ya herufi moja ambayo hakuna atakayeiona. Nikainua nta. Nikapaka dawa. Nikahesabu mpaka sitini.

Nilipofika sitini nikafikiria tumbo langu. Nikafikiria kreti la soda, kwamba kabla yangu alilikalia binti aliyeondolewa kwa kuchelewa siku mbili. Nikagonga juu ya dawa neno lile lile. Akakigawa. Dawa nilikuwa nimeipaka nene, ikafanya uvimbe.

Kila nakala ya chapa ile ya kwanza, mkiipata, fungueni ukurasa wa kumi na saba. Mtaona neno moja lenye kivuli. Wengine hudhani mashine ilikuwa mbovu. Mashine ilikuwa nzima.

Nikampelekea Bibi nakala. Hakujua kusoma, akaniambia nimsomee pale penye maneno yake. Nikasoma upepo, nikasoma Lyamba, akawa anaitikia, "Eee, ndivyo." Nikafika pale. Nikasoma, bila kumeza mate: "na Malkia akainuka." Bibi akapiga makofi madogo mawili, kama anavyopiga akipokea kitu kanisani. "Mwalimu ana masikio," akasema. Usiku mzima akamsifu.

Mnajua mwongo anavyonaswa. Jumapili ya uzinduzi, ukumbi wa parokia ulijaa. Bibi alikaa mbele kwenye benchi la wageni wa heshima, kitambaa kipya kichwani. Na Mwalimu, kati ya kurasa zote alizoandika, akachagua kusoma ukurasa wa kumi na saba, kwa sauti yake ile ya darasani. Aliposoma akakigawa watu wakaguna. Kijana mmoja nyuma akasema, "Wanawake bwana!" Ukumbi ukacheka.

Bibi hakugeuka. Alikaa mpaka mwisho, akala wali, akampa Mwalimu mkono. Tulipotoka tukatembea mpaka tunaanza kupanda kuelekea Milanzi ndipo akasema.

"Kumbe wewe ulinisomea la kwako."

"Nisamehe, Bibi."

"Nani alilichapa lile lake?"

Nikaongeza mwendo.

"Nimekuuliza, Domi."

"Mimi."

Akatembea hatua kadhaa. "Basi la kwako ulilisema ndani ya nyumba, na lake ukalisema kwa watu wote," akasema. Hakulizungumza tena. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Skola alipozaliwa alimpokea, akamwogesha, akampa jina lake mwenyewe, akakaa naye miezi mitatu. Akafa wakati wa kuvuna ulezi. Wanawake wa ukoo walipokwisha kumtoa nje, mama mdogo alirudi ndani akakilaza kigoda cha Bibi ubavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimemwahidi, akiwa kitandani, kwamba lile neno nitalirekebisha. Sijui kama alisikia.

Basi kompyuta ikaja. Ilikuja kwenye basi kutoka Mbeya, imefungwa kwa godoro, na Leticia akaja nayo. Leticia ni mpwa wa mke wa Mwalimu, alisomea kompyuta Dar es Salaam. Simchukii. Alikuwa akinisalimu "Mambo, dada Domi?" na mimi nikimjibu "Shikamoo hujui?" tunacheka. Alinionyesha jinsi neno linavyofutwa kwenye kioo. Hakuna dawa, hakuna kuhesabu sitini. Unagusa, limekwenda.

Nikaona hapo ndipo pa kutimiza ahadi. Chapa ya kwanza ilikuwa imeisha, shule zilitaka nyingine. Nikamwendea Mwalimu.

"Mwalimu, kwa chapa hii mpya, naomba lile neno la Bibi. Marehemu ameliacha mkononi mwangu."

Akafikiri. Nafikiri alikuwa ameguswa, maana alikwenda mazishini na alilia. "Haya. Leticia akifika hapo atalibadili. Ni kugusa tu."

Nikamwamini. Nikarudi kazini na moyo mwepesi kama siku za Karani Mkuu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Skola alikuwa na miezi saba, analala kwenye boksi la karatasi uani. Nilikuwa nakata stensili ya ratiba ya misa. Akalia. Nikainuka.

Kiti sikukilaza. Nani analaza kiti ofisini, mbele ya wateja? Nilikiacha kimesimama, kikalio bado kina joto langu.

Nilimnyonyesha mpaka akatosheka. Nikarudi naye begani. Mashine ya taipu ilikuwa sakafuni, imefunikwa gunia. Mezani palikuwa na kompyuta. Kwenye kiti changu alikuwa Leticia, ameshakishusha skrubu kufuata urefu wake.

"Dada Domi, mimi nimeambiwa nikae tu," akasema, na macho yake hayakuwa na ubaya.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. "Domitila, tulikuwa tunataka kuongea na wewe. Unaona, kazi imekuwa nyingi. Na kazi haisubiri ziwa."

Kitabu chake kina ziwa kwenye kila sura, lina mamba na joka, na shujaa analivuka kwa siku tisa. Hili moja la kumnyonyesha mtoto kwa robo saa lilimshinda kulisubiri.

Nilikuwa naangalia kioo. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa wazi pale. Mtoto akalia, wageni wakakitazama kigoda, na Malkia akakigawa. Herufi zote sawasawa, safi, nyeusi. Hapakuwa na kivuli. Alama pekee duniani iliyoonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kusita juu ya neno lile, hata hiyo ilikuwa imekwenda.

"Ulisema utalibadili," nikamwambia.

"Wanafunzi wameshalizoea, Domitila. Limeshaingia kwenye notisi. Swali la mgogoro linajibiwa hapo."

Hapo ndipo nilipomwambia Leticia asimame. Mengine mmeshayasikia.

Nilikwenda na kiti mpaka Ofisi ya Kazi. Afisa Kazi ni mtu mpole mwenye kikohozi. Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akamtazama Skola.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kielelezo."

"Wameniletea habari kwamba kuna mwanamke kaiba kiti."

Nikatoa cheti cha Karani Mkuu. Akakisoma, akakigeuza nyuma, akatabasamu kidogo kwenye lile neno "hakuna mwingine atakayekikalia". Nikamweleza yote, tangu Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, si haba.

"Sikia, binti yangu. Kuondolewa kazini kwa sababu ya kunyonyesha, hilo ni langu. Kiti, hilo tutaliona. Neno la kwenye kitabu si kazi ya ofisi hii."

"Nililichapa nikiwa kazini."

Akakohoa. Akakuna kichwa. "Basi andika. Mpiga taipu wetu yuko likizo, mashine ile pale. Ila hatuna..."

"Kiti ninacho," nikasema.

Ninyi mabinti mnaojifunza kompyuta, jifunzeni sana, sina ugomvi na kioo. Nilichojifunza katika miaka yangu ya kazi ni kidogo. Kidole kivivu kinafundishika. Mtu anayekwambia fulani hana wa kumsemea, mara nyingi anamwambia msemaji mwenyewe. Na mimi nilikuwa na dawa mkononi nikahesabu mpaka sitini, nikarudisha uongo mahali pake, na Bibi alikufa akijua. Hilo halina brashi.

Nikapandisha skrubu, viwiko vikakaa sawa. Nilikuwa katikati ya lalamiko Skola alipolia. Nikainuka. Safari hii nilikilaza kiti ubavu pale sakafuni, mbele ya Afisa Kazi na mhudumu wake na watu wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Mmoja akacheka. Nilinyonyesha, nikarudi. Kilikuwa kimelala nilivyokiacha. Nikakisimamisha, nikamaliza. Hili ndilo nililowasilisha, na nakala yake ninayo, ina mhuri wa kupokelewa:

KWA: Afisa Kazi wa Mkoa.

MLALAMIKAJI: Domitila Paskali, mpiga taipu, wa Milanzi.

MLALAMIKIWA: Mwajiri wangu, mwenye duka la steshenari jirani na soko.

LALAMIKO: Mheshimiwa, nalalamika kwamba nimeondolewa kazini bila barua, bila onyo na bila kosa. Mtoto wangu wa miezi saba alilia nikatoka kumnyonyesha. Niliporudi nilikuta kiti changu kimekaliwa na mashine yangu iko sakafuni. Kiti ni mali yangu, cheti nimeambatanisha. Sikukigawa. Sikumpa mtu wala sikumruhusu mtu. Niliinuka.

Nalalamika pia kwamba katika riwaya ya mwajiri wangu, ukurasa wa kumi na saba, mwanamke mwingine ambaye naye aliinuka kwa sababu hiyo hiyo ameandikwa kuwa aligawa. Maelezo ya kweli yalitolewa dukani na bibi yangu, marehemu Skolastika, nikiwepo. Neno la uongo lilichapwa na mimi, mara mbili, huku nikijua. Kwa sehemu hiyo mlalamikiwa wa pili ni mimi.

NAFUU INAYOOMBWA: Nirudishwe kazini, au nipewe barua inayosema wazi nimeondolewa kwa nini. Na neno "akakigawa" lifutwe, liandikwe "akainuka". Herufi zinatosha. Itabaki nafasi ya herufi moja, nayo iachwe wazi.